Mashavu ya Idd

Mimi kukaa chini sijui. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa nina safari. Hata kazi yangu ni ya miguu: nauza chakula Mombo, pale mabasi ya barabara kuu yanaposimama abiria wapate cha kutia mdomoni. Basi likiingia unakimbia nalo ubavuni, beseni la mahindi ya kuchemsha kichwani, mayai mkononi, unanadi dirisha hili huku macho yako yameshafika dirisha la tatu. Jioni narudi Korogwe, Masuguru, ninakoishi na mume wangu fundi seremala. Hapo pia majirani wananitania kwamba mume wangu amepoteza mbao kunitengenezea kiti.

Kwa hiyo Mungu aliponipa mtoto wa kiume asiyetulia, nani ashangae? Huyo alikuwa akila huku anaizunguka meza, akiogeshwa anachoropoka na povu lake mpaka barabarani. Nilimfokea mchana kutwa. Tulia, wewe. Hebu tulia. Nilikuwa nalisema neno hilo bila hata kulisikia.

Alipokaribia miaka mitano akaanza kutapika asubuhi. Akishatapika anacheka, anaomba chai. Tukampa dawa ya minyoo. Tukampima malaria, hamna, akapewa dawa ya tumbo. Akawa anashika kisogo na kulalamika kichwa, mume wangu akasema ni utoto tu, na mimi nilitaka sana iwe utoto. Kisha siku moja natandika kitanda, nikamwona kupitia mlangoni anaingia kutoka uani, mkono wake unafuata ukuta. Mtoto aliyekuwa anapanda mpaka juu ya paa la choo sasa anatembea kwa kushika ukuta, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe taa zimezimika. Nikamwambia, "Achia ukuta uje." Akaachia, akapiga hatua, miguu ikampeleka upande, akakaa chini puu. Akacheka tena. Mimi sikucheka.

Hospitalini daktari alimmulika machoni, akamulika tena. Akaniambia, "Kaa, mama." Nikamjibu nitasikia nikiwa nimesimama. Akasema inaonekana kuna kitu kinasukuma ndani ya kichwa, twende Tanga haraka. Tanga nao hawakutuweka, wakatupeleka Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa, na huko picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya kichwa, ukubwa wa ndimu. Wakampasua. Walitoa walichoweza kutoa, wakaacha kipande kilichokaa pabaya, mahali ambapo kisu kikigusa mtoto anaweza asivute pumzi mwenyewe tena. Hicho kipande ndicho tulichobaki nacho.

Daktari wake wa saratani alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mtu asiyezungusha maneno. Alinivutia kiti, akaona sikitaki, naye akasimama. Nilimpenda kwa hilo.

"Tutaanza na dawa za mishipa, zinazoingia kwa dripu," alisema. "Mionzi itafuata. Ningependa mionzi ichelewe kidogo, kwa sababu ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, na mionzi ikipita kwenye jengo bichi inaacha nyufa. Kila mwezi anaoupata kabla ya hapo ni faida yake. Ila hatutangoja mpaka ugonjwa utupite mbio."

"Atapona?"

"Tunatibu ili apone."

Jibu hilo nilitembea nalo miezi. Nikiwa Mombo nalitafuna, nikiwa kwenye basi nalitafuna. Ili apone. Sasa hiyo ni ndiyo au siyo?

Miezi ya dawa ilikuwa ya kwenda na kurudi, Korogwe na Dar, Dar na Korogwe. Dawa yenyewe ni maji tu kwenye chupa, yanadondoka taratibu, ukiyaangalia huwezi kuamini yana ubaya wowote. Ukifika nyumbani ndipo yanajitambulisha. Nywele zikatoka, zikabaki kwenye mto. Mdomo ukachubuka ndani mpaka uji akaukataa. Mtoto akawa mbavu na macho. Masuguru watu walimtazama yeye, wakanitazama mimi, kisha wakaanza kuzungumzia mvua. Wengine waliacha kuja. Sikuwalaumu, niliwachukia tu.

Hapa lazima nimlete mama mkwe wangu. Yuko Handeni, Mzigua wa jembe, mjane, mahindi na mbuzi wachache, swala tano na ulimi wa wembe. Mimi babu yangu aliletwa na treni kukata mkonge, nimezaliwa kwenye nyumba za kambi ya shamba, na nusu ya ukoo wangu wanasali kanisani. Tangu nilipoolewa ananiita mtoto wa manamba, jina la vibarua wa mkonge wa zamani. Utani, anasema. Huwa nacheka meno ya mbele tu. Lakini mjukuu wake, huyo ndiye roho yake. Kama bibi yeyote na mjukuu wa kiume, alimwita "mume wangu". Kila simu ilikuwa hiyo hiyo: "Mume wangu anaendeleaje? Mwambie nimemwekea karanga, akichelewa naolewa na mwingine." Siku aliyomwona kwenye picha ya simu ya jirani, alivyokonda, hakutania. Alisema, "Mnanikaushia mume wangu," akakata.

Dawa zikafanya kazi yake, kile kipande kikasinyaa kiasi, na daktari akasema sasa mionzi isichelewe tena. Tukapelekwa kwenye chumba kimoja baridi, kuna kijana mtaalamu wa mionzi, mtaratibu, anayezungumza na mtoto kama wamesoma darasa moja. Alichovya bamba jeupe la plastiki lenye matundu kwenye maji moto, likalegea kama chapati mbichi, akamtandikia mtoto usoni na kulivuta mpaka kwenye meza. Akalibonyeza taratibu puani, kidevuni, kwenye mashimo ya macho. Baada ya muda likakauka, na alipolitoa, uso wa mwanangu ukabaki mle. Pua yake ile ile ya baba yake, ya kibapa.

"Hii ndiyo maski yake," kijana akaniambia. "Kila siku ya matibabu atalala hapa, tutamfunika, tutaifunga kwenye meza asisogee. Mionzi tumeielekeza pale nyuma peke yake. Akisogea upana wa punje ya mchele, tunapiga pasipo na ugonjwa na tunakosa penye ugonjwa."

Punje ya mchele. Mtoto wangu mimi.

Akaniambia watoto wengi wa umri wake wanalazwa usingizi kwa dawa, lakini hapo lazima mtoto ashinde na njaa kila siku mpaka zamu yake ifike, na zamu ni ndefu. Anayeweza kutulia mwenyewe anaanza mapema na kurudi nyumbani mapema. "Mfundisheni kutulia," alisema. Wataalamu walihitaji wiki mbili hivi kupanga mionzi ipite wapi, na daktari akampa mtoto vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza ubongo usivimbe. Idd ilikuwa inaingia. Mume wangu akasema twende Handeni mama amwone mjukuu wake. Daktari akaruhusu, akatupa siku ya kurudi, akasisitiza vidonge asiache.

Vile vidonge, jamani. Siku ya kwanza mtoto aliomba uji mara mbili. Baada ya siku chache alikuwa anaamka anadai ubwabwa, anakula, anadai chapati, anakula, analia kwa sababu nimefunika sufuria. Mtoto aliyekuwa anakataa kijiko leo anafungua mwenyewe hotipoti. Niache kumpa? Nilimpa. Nilikuwa nimeshasahau sauti ya mtoto anayekula.

Handeni tulifika mashavu yameshaanza kujaa. Mama mkwe alitupokea uani, akamwinua mtoto, akashindwa, akamshusha. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mume wangu kawa mzito," akasema, na mtaa mzima ukaja kuhakikisha. Kanawiri. Mashallah, kanawiri kweli. Kila aliyekuja alimbonyeza shavu, na kila aliyekuja alikuja na kitu. Idd yenyewe ilikuwa pilau ya kuku, na mbuzi mmoja akaondoka kwenye zizi. Asubuhi chai na mihogo, mchana bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa maharage ya nazi, jioni wali. Mtoto alikaa mkekani katikati ya wanawake na kila mmoja alimtia tonge. Mimi nilikuwa pembeni nimesimama kama kawaida yangu, nacheka, meno yote safari hii. Kwetu sisi hakuna cheti kingine. Mtoto mgonjwa anakonda, mtoto mzima ananenepa. Nani amewahi kusikia kinyume chake?

Siku mbili baada ya Idd nikaanza kufunga mizigo. Mama mkwe akaja akakaa juu ya begi langu.

"Mnampeleka wapi?"

"Dar, Mama. Mionzi inaanza."

"Mtu aliyepona anapelekwa kuunguzwa kwa kosa gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kabisa, kwa adabu, kipande kilichobaki, dawa zilivyokisinyaza bila kukimaliza. Nikamwambia mashavu hayo ni ya vidonge.

"Vidonge vinavyomnenepesha mgonjwa ni vizuri," akasema. "Basi aendelee navyo hivyo hivyo. Mnataka nini zaidi?"

Nilimtafutia jibu la haraka nikakosa, na mimi nikikosa jibu hasira inashika zamu. Nikamwambia yeye si daktari. Akaniambia mimi pia si daktari, mimi ni mtoto wa manamba ninayekimbiza mabasi. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa mlangoni, anapapasa fremu kama vile amekuja kuitengeneza. Akasema, "Tungeweza kungoja kidogo. Hata mwezi. Tumwangalie anaendeleaje."

Ya mama mkwe niliyatarajia. Hii ya mume wangu ilinichoma. Kwa sababu nilijua hayasemi kwa ubishi, anayasema kwa kutamani, na mimi mwenyewe usiku uliotangulia nilikuwa nimelala nimeshika shavu la mtoto, zito, la moto, nikatamani vivyo hivyo: labda basi. Labda yameisha. Nilimchukia kwa kusema kwa sauti kile nilichokuwa nacho mimi. Nikamwambia kipande kile hakisherehekei Idd. Mama mkwe akainuka kwenye begi, akatoka.

Asubuhi nilimbeba mtoto mpaka stendi peke yangu, mzito, jasho linanitoka. Mume wangu alibeba begi nyuma yangu, atupakie kisha yeye arudi Korogwe kazini. Tumeshapanda, basi linaunguruma, mara namwona mama mkwe anapanda ngazi, kanga mbili, mkoba wa ukili, kikapu. Akakaa kiti cha mbele yetu kisha akageuka.

"Sijaja kwa ajili yako," aliniambia. "Nimemfuata mume wangu."

Njia nzima alimtolea vitu kutoka kwenye kikapu. Yai, ndizi, kipande cha mkate wa kumimina. Nilimwacha. Sikuwa na nguvu ya ugomvi mwingine, na mtoto alikuwa anafurahi.

Siku ya mionzi ikafika. Tukaingia naye wote wawili, mimi na bibi yake, tukaruhusiwa kusimama ukutani mpaka atakapofungwa. Mtoto akalala mezani mwenyewe, kidume. Kijana akaileta maski, akaiweka usoni, akabonyeza. Pembe moja ikalia ta, ikashika. Ya pili haikufika. Akaitoa, akamweka sawa kichwa, akajaribu tena. Mashavu yalikuwa yanatokeza kwenye matundu ya plastiki. Mtoto akaanza kuhema kwa nguvu puani, kisha akalia, lakini mdomo ulikuwa umebanwa, kilio hakikupata pa kutokea. Kijana akaiondoa papo hapo. Uso mzima ulikuwa na alama za matundu, mekundu.

"Amenenepa," akasema.

Maisha yangu yote neno hilo nililisikia kama pongezi. Siku ile lilisemwa kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Daktari akaja, akaangalia, hakutulaumu. Alisema vidonge vinafanya hivyo, hawakutegemea iwe haraka kiasi kile. Vitapunguzwa taratibu, mashavu yatashuka, itengenezwe maski nyingine, apigwe picha nyingine, njia ya mionzi ipangwe upya. Nikamuuliza kungoja huko kuna madhara gani. "Sitakudanganya, mama. Kila siku tunayochelewa inaninyima raha."

Nilitoka. Ile korido niliipima kwa miguu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani, bado kina mayai. Nilipopita mbele yake mara nyingine akanishika kanga.

"Mimi ndiye niliyemjaza," akasema.

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya tangu harusi. Nikamwangalia, mzee wa watu, viatu vya plastiki, na yote yakaniishia.

"Tulimjaza wote, Mama."

"Kile kipande kikikua je? Wakati huu tunaongoja?"

Nilikaa. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuniona nimekaa, kwa sababu alisogea kunipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

Tukaanza kungoja. Tulikuwa kwenye chumba tulichoazimwa na ndugu wa mume wangu, watu watatu na godoro moja. Njaa ya mtoto haikwisha kwa sababu sisi tumeelewa. Alilia akidai ubwabwa, nikampa tango. Alinitupia. Na katikati ya hayo nimfundishe kutulia. Nilimlaza mkekani, nikamwekea chujio la nazi usoni, nikasema tulia, tulia mwanangu, tulia nakwambia. Akanichungulia kwenye matundu.

"Mama, wewe ndiyo unatikisika."

Nikaangalia goti langu. Lilikuwa linapiga kama cherehani.

Bibi yake aliinuka akanipokonya chujio. Akalala mkekani ubavuni kwake, chali, mikono sambamba, na chujio akaliweka usoni kwake mwenyewe. "Mume wangu," akasema, "leo tunashindana. Atakayetikisika kwanza ameachika." Mtoto akacheka, akanyooka naye. Walilala hivyo, mzee na mtoto, na mimi nikasimama mlangoni naogopa hata kukohoa. Aliyekohoa alikuwa bibi. "Nimeachika," akasema, "nirudishe." Walicheza hivyo asubuhi na jioni, wakaoana na kuachana siku nzima, na kila siku mtoto alikaa bila kutikisika muda mrefu zaidi. Nilifurahi, na nilimwonea wivu, nao haukuwa mdogo. Mtoto ni wangu mimi.

Mashavu yalishuka kiasi, ikatengenezwa maski ya pili, nayo ikafunga. Pembe zote zikalia. Kisha sote tukatoka, mlango mzito wa chumba ukajifunga, mtoto akabaki mle peke yake na mashine. Tulikuwa tunamwona kwenye televisheni ndogo, mdogo juu ya meza, amefunikwa uso. Kijana akaniambia naweza kuzungumza naye kwenye kipaza sauti, watoto wanapenda kusikia sauti ya mama. Nikashika. Nikasema, "Mwanangu, usiogope, mama yupo, tulia, usiogope," na sauti yangu niliisikia inavyopanda. Kwenye televisheni mguu ukasogea, kisha mkono. Kijana akasimamisha kila kitu.

"Mama," akaniambia kwa upole, "labda bibi ajaribu."

Nilimpa kipaza sauti. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mama mkwe alikishika kwa mikono miwili kama kikombe cha moto, akakisogelea.

"Mume wangu. Mkeo nipo. Huku nje kuna kijana mzuri, kanyoa vizuri, ameshaanza kuniangalia. Ukitulia mpaka waseme wamemaliza, simtaki. Ukitikisika tu, naondoka naye."

Kijana alijifunika mdomo. Kwenye televisheni mtoto hakutikisika. Mashine ikaanza kumzunguka, ikasimama, ikalia, ikazunguka tena, na yeye kama aliyechongwa na baba yake. Ilipoisha kijana akasema kwenye kipaza sauti, "Tumemaliza, bwana mkubwa." Hapo ndipo kidole kikasogea, kisha mkono, kisha akapunga.

Ikawa ndiyo desturi yetu, wiki baada ya wiki. Bibi anazungumza, mimi natembea nje kuzunguka jengo. Hakuna aliyenifukuza, nilijifukuza mwenyewe. Mtoto alichoka, alitapika, nywele zilizoanza kuota zikaanguka tena kwa nyuma tu, kiraka cha mviringo. Lakini hata siku aliyoingia analia, pembe zikishalia ta, ta, alinyamaza, na hakusogea mpaka asikie lile neno. Siku ya mwisho kijana alimzawadia maski ya kwanza, ile iliyokataa, akaonyeshe nyumbani. Ya pili bibi hakutaka hata kuiona.

Tuliporudi Masuguru, mume wangu hakuniomba radhi. Nilikuta ametengeneza ufito wa mninga, ameupiga randa mpaka unateleza, ameugongomea ukutani kuanzia mlango wa uani mpaka kitandani kwa mtoto, kimo cha mkono wake. Nilipita nao kwa kiganja mwanzo hadi mwisho, sikupata kijiti hata kimoja. Siku hiyo nilimpikia anachopenda.

Dawa za mishipa ziliendelea miezi mingine, zikaisha. Sasa yuko darasa la kwanza. Ule ufito haushiki tena, anautundikia begi. Darasani ni mzito kidogo. Mwalimu anasema anajua leo, kesho ukimuuliza amesahau, na zile nyufa alizonionya daktari naziona ninapomwelekeza kuhesabu. Nafoka, halafu namwomba radhi. Mashavu yalishuka zamani. Watu wanasema kakonda, wananishauri nimpe maziwa, nami nawaambia asante. Akiongezeka kidogo tu, mimi silali.

Kila baada ya muda tunarudi Dar kupigwa picha, kuangalia kile kipande. Safari hii ni wiki ijayo. Bibi yake ameshapiga simu kusema atatungoja njiani na kikapu chake, na kwamba mtoto wa manamba asisahau barua ya hospitali. Kwa mawazo nimekuwa nikiunguza hata vitumbua vya chai. Juzi Mombo nilimpa abiria mayai ya mtu mwingine na basi likaondoka.

Jana nilirudi mapema. Nyumba ilikuwa kimya, jambo ambalo kwetu halipo. Nikaingia sebuleni na kumkuta amelala mkekani, chali, mikono sambamba, ameivaa ile maski ya kwanza. Alikuwa ameitoa kabatini kuwaonyesha watoto wa jirani, nao wamechoka wameondoka. Ilimkaa sawasawa. Puani, kidevuni, kwenye mashavu, hapakuwa na nafasi wala hapakubana. Hakutikisika.

"Amka," nikamwambia.

Kimya.

"Amka mwanangu, sakafu ni baridi." Nikasubiri nione kifua. Sikuona vizuri, dirisha lilikuwa nyuma yangu na kivuli changu kilikuwa juu yake. "Tikisika basi. Hebu tikisika, wewe."

Sauti ikatokea kwenye matundu, ya chini, ya mtu asiyetaka kuharibu kazi.

"Bado hujasema."

Nilijua anangoja nini. Ni neno moja, na kijana yule alikuwa akilisema kila siku bila shida. Nilifungua mdomo likagoma, kwa sababu picha ni wiki ijayo, na hakuna mtu yeyote, si daktari, si mimi, anayeweza kulisema. Nikapiga magoti. Nikakaa kabisa, mkekani, ubavuni kwake, na goti langu nikalishika kwa mkono mpaka likatulia.

"Tumemaliza, bwana mkubwa," nikasema.

Akaitupa maski, akainuka, akanipita mbio kwenda uani.